Gari Lisilojaa Chaji

"Dada, mashine yako haina ugonjwa wowote."

Fundi umeme alisema hivyo huku akifunga kifuniko cha ile mashine ya kuchajia magari ukutani, kisha akajifuta mikono kwenye suruali na kuniangalia kwa ile huruma ambayo mafundi humwonyesha mtu aliyewaita bure.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Inakatika. Mgeni anachomeka gari asubuhi, mpaka alasiri halijajaa. Nimeshuhudia mwenyewe."

"Inakatika kwa magari yote?"

Nikafikiri. Yule mama mwenye duka la vitambaa alilala hapa majuzi, akachomeka gari lake jioni, na asubuhi likawa limejaa pomoni. Wale maharusi waliokuja kabla yake nao walijaza bila tatizo, tena walichelewa kuamka. Nikajikuta nasema polepole, "Hapana. Kwa gari moja tu."

"Basi hapo hakuna hitilafu. Hapo kuna mkono wa mtu." Akaanza kukusanya bisibisi zake. "Mtu anazima swichi ndani, au mwenye gari mwenyewe analisimamisha kwa simu. Siku hizi wanaweza. Amekaa zake kitini, anabonyeza, gari linaacha kula umeme."

"Kwa simu?"

"Kwa simu, dada."

Swichi iko kwenye stoo ya vyombo, na stoo ile ni himaya ya Mama. Mama tangu siku mashine inafungwa alikula kiapo kwamba yeye na dude letu hawajuani, na hataligusa hata kwa fimbo. Kwa hiyo swichi nikaitoa akilini hapo hapo. Iliyobaki ni simu, na simu ya mwenye gari hilo nilikuwa naijua vizuri kuliko nilivyopenda kuijua.

Nieleze kidogo. Hoteli yetu ni ndogo, ya ghorofa moja juu, na nyuma ina ua ambamo jikoni, stoo, kamba za nguo na maegesho vyote vinatazamana. Baba alipofariki tulibaki Mama na mimi kuiendesha, huku Mjomba, kaka yake Mama, akija kila siku kutushauri bila kuombwa. Ilipojengwa hoteli kubwa barabara kuu, wageni wetu wakaanza kupungua. Ni mimi niliyesema tuweke mashine ya kuchaji magari ya umeme, ili wasafiri wenye magari hayo wawe na sababu ya kulala kwetu, au hata kula chakula cha mchana wakisubiri. Mjomba akasema hapana. Mjomba husema hapana kwa kila kitu, hata ukimwuliza kama ameshiba. Mashine ikafungwa hivyo hivyo, na kwa muda mrefu haikupata mteja hata wa kuuliza njia. Wafuaji wakaanza kuanikia taulo juu yake.

Halafu siku moja nikiwa mapokezi, mwanamume mrefu mwenye miwani akasimama mbele yangu, amebeba taulo zetu mikononi, zimekunjwa vizuri kuliko tunavyozikunja sisi.

"Samahani, Meneja," akasema. "Nimekuta mashine imevaa nguo. Nimeivua, ila sijui nguo zake mnaziweka wapi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Gari lake jeupe lilikuwa limeingia uani bila sauti, hakuna aliyelisikia, na hivyo ndivyo alivyoingia yeye pia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule hadi shule kuwapima watoto macho kwa niaba ya karakana moja ya miwani. Wafanyakazi wakambatiza jina siku hiyo hiyo: Mpima Macho. Tangu hapo hakuna wiki iliyopita bila yeye kuja. Anachomeka gari, anakula, anasubiri. Na gari halijai.

Akisubiri hakai bure. Mpishi wetu, ambaye alikuwa anaweka sukari kwenye supu akidhani chumvi, sasa ana miwani. Nami alinipima, siku moja pale uani, mimi nimesimama mlangoni pa jikoni na yeye kashika ubao wa herufi. Alinifunika jicho moja kwa kadi yake, na vidole vyake vikagusa paji la uso wangu kidogo tu. Nilisoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho, lakini pumzi iliniishia mstari wa pili.

"Una macho mazima," akaniambia kwa sauti ya chini, kadi bado iko jichoni pangu. "Tatizo lake ni kwamba hayaamini yanachokiona."

Niliwahi kuyaamini. Yule aliyepita kabla yake, aliyenivisha pete mbele ya ukoo mzima, alikuwa na tabasamu la pembeni kila simu yake ilipolia. Niliuliza, nikaambiwa ni kazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa na jina, nyumba, na mimba. Tangu hapo mwanamume akiangalia simu na kutabasamu, mimi namhesabu ni mwongo.

Na Mpima Macho anatabasamu. Simu inatetemeka mezani, anaiangalia, anatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi, halafu anailaza kifudifudi. Nimemwona nikiwa kwenye dirisha la mapokezi, nimemwona nikiwa kwenye ngazi, nimemwona nikiwa mlangoni pa jikoni. Kila mara niko mbali naye, na kila mara baada ya hapo anaagiza chai nyingine.

*

Fundi alipoondoka, Mjomba alikuwa ameshanikalia ofisini, kwenye kiti changu.

"Amesemaje?"

"Mashine ni nzima. Kuna mtu anaisimamisha."

"Aha!" Akapiga meza. "Nilisema mimi. Mtu anakuja kila wiki, anakaa mchana kutwa na vikombe vyake vya chai, macho juu juu. Anaangalia nini? Anaangalia wageni wetu. Yule ametumwa na wale wa hoteli kubwa, wanataka kujua tunapumua vipi ili waje watununue."

"Mjomba, yule anapima macho ya watoto."

"Umemwona akipima?"

"Alinipima mimi."

Mjomba akashusha miwani hadi ncha ya pua. "Alikupima nini?"

"Macho, Mjomba! Macho!"

"Hmm." Hakuridhika. "Sasa sikiliza, mpwa wangu. Baba yako hayupo, mimi ndiye wa kusema. Akija leo mwulize ana lake gani. Usipomwuliza wewe nitamwuliza mimi, na unajua mimi nikiuliza naulizaje. Halafu hilo dude lichomolewe ukutani tuanikie taulo kwa amani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vitunguu. Nilitegemea atanitetea, maana yeye huwa hampi kaka yake nafasi ya kumaliza sentensi. Safari hii alitazama vitunguu vyake.

"Mama, wewe unaonaje?"

"Mimi?" akasema. "Mimi naona vitunguu vimepanda bei ya machozi." Akaondoka zake kuelekea stoo.

Hata hilo nililitilia shaka, lakini siku ile nilikuwa natilia shaka kila kitu, mpaka kalamu iliyogoma kuandika.

*

Alikuja kabla ya saa ya chakula. Alichomeka gari, taa ya mashine ikawa ya kijani, akaketi kwenye meza yake ya siku zote chini ya kibaraza, mkabala na stoo. Nikapiga moyo konde, nikampelekea supu na mkate mwenyewe.

"Meneja," akasema, akasimama kidogo kama afanyavyo kila mara, kana kwamba mimi ni mgeni wa heshima na hoteli ni yake. "Leo umekunja uso. Kulikoni?"

"Uso wangu ndivyo ulivyo."

"Sivyo. Naujua."

Nikaweka bakuli kwa nguvu kidogo kuliko ilivyostahili. Supu ikaruka ikamdondokea kwenye mkono wa shati. Aliifuta kwa kitambaa, akaendelea kuniangalia.

"Nina jambo nataka tuongee kabla sijaondoka," akasema. "Ofisini wanagawa njia upya. Wamenipa nichague: niendelee na shule za huku, au nihamie zile za upande wa milimani, ambako mshahara ni mzuri zaidi. Wanataka niwapigie simu leo, kabla jioni haijaingia."

"Na ukihamia huko?"

"Sitapita hapa tena. Ni mbali, na si njia moja."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje?"

Akatabasamu, si lile tabasamu la simu, jingine, la kuogopa. "Nitakuambia nikimaliza kula. Bado nangoja kuona kitu kimoja."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuketi. Mwanamke mwingine angevuta kiti. Mimi nikasema, "Haya, karibu chakula," nikampa kisogo nikaenda jikoni. Lakini sikufika. Nilijibanza kwenye fremu ya mlango, nikamchungulia kama mpelelezi wa sinema.

Alikula. Alimaliza. Aliangalia saa, akainuka, akatazama gari, akaanza kukusanya vitu vyake. Na kabla hajapiga hatua, simu ikatetemeka mezani. Akaiinamia. Akasoma. Likaja lile tabasamu, pana, la furaha tupu, mpaka mabega yakalegea. Akaketi tena. Akailaza simu kifudifudi.

Nilisahau kwamba mimi ni meneja na yule ni mteja. Nilichukua trei ya chai nikaenda nayo mbio mbio, vikombe vikigongana.

"Nani huyo?"

Alishtuka. "Nani nani?"

"Huyo anayekutumia ujumbe. Huyo anayekufanya utabasamu ukae tena. Usinione mjinga. Nimekuona mara nyingi. Simu ikilia unacheka peke yako, halafu unaificha."

"Meneja, subiri kwanza..."

"Sisubiri! Fundi alikuwa hapa asubuhi. Amesema mashine ni nzima. Amesema kuna mtu anaisimamisha, tena kwa simu. Kwa nini unalisimamisha gari lako mwenyewe? Unakaa hapa unamngoja nani? Au ni kweli umetumwa na wale wa hoteli kubwa, kama Mjomba anavyosema?"

Akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alicheka, kicheko cha chini, cha aibu, akavua miwani na kuifuta kwa pembe ya shati.

"Fundi wako amesema mwenye gari tu ndiye anaweza?"

"Usinibadilishie maneno. Nipe simu."

Sikufikiri angenipa. Yule aliyepita alikuwa anaoga na simu yake. Huyu aliigeuza, akaifungua, akaisukuma juu ya meza hadi mbele yangu. "Soma. Huyo ndiye mwanamke wangu."

Nikasoma. Palikuwa na ujumbe mmoja, umejirudia kutoka juu hadi chini, wiki kwa wiki, kila alipokuja kwetu: *Kuchaji kumesimama. Umeme umekatwa kwenye chanzo.* Halafu: *Kuchaji kumeanza tena.* Halafu: *Kuchaji kumesimama.* Hapakuwa na jina la mtu. Lilikuwa ni gari lake, likimlalamikia.

"Sielewi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Chanzo ni huko ndani kwenu, waya unaingia stoo. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Nikainuka niulize jikoni, nikakukuta wewe unatoka stoo umeshika sukari. Uliponiona ulishtuka, ukasema, 'Bado upo?' Nilirudi kitini nikakuta umeme umerudi. Wiki iliyofuata ukakatika tena, mara tu niliposimama niondoke. Na iliyofuata." Akavaa miwani yake. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Kila nikitaka kuondoka, mtu ananizimia umeme. Nilifikiri ni mtu ambaye hawezi kuniambia nikae kwa mdomo wake. Nilifikiri ni wewe."

Trei ilinielemea. Nilisimama nayo palepale, siwezi kuiweka wala kuondoka nayo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Nilikumbuka ile siku ya sukari. Nilikumbuka vile nilivyoshtuka, kwa sababu nilikuwa stoo nikijisema peke yangu kwamba atakuwa ameshaondoka, na nilikuwa nimeumia kuliko nilivyotegemea. Lakini swichi sikuigusa. Hata sikujua nyuma ya rafu gani imefungwa.

Yeye alinisoma usoni, maana kusoma nyuso zinazokodoa macho ndiyo kazi yake. Akasema taratibu, "Sasa hivi wewe umeghadhibika na mimi. Sawa. Taa imerudi kijani, limebaki kidogo kujaa. Likijaa, nitakwenda, nawe utakuwa umepumzika."

Simu ikatetemeka, iko katikati yetu juu ya meza.

*Kuchaji kumesimama. Umeme umekatwa kwenye chanzo.*

Aliangalia simu. Akaangalia mikono yangu, yote miwili imeshika trei, vikombe viwili na birika. Na mimi niliangalia mikono yake, imekaa wazi mezani. Taa ya mashine ukutani ilikuwa imezimika.

"Kwa hiyo si wewe," akasema.

"Si mimi," nikajibu.

Jibu nililitoa haraka, kama mtu anayekana wizi. Nilikuwa nataka nisafike tu, kwamba mimi si mwanamke wa kuzimiana umeme na wateja. Sikujua kwamba maneno mawili yanaweza kumpiga mtu namna ile. Uso wake ulishuka. Lile tabasamu la wiki zote, nililolichukia na kulionea wivu na kuliota, lilikuwa langu tangu mwanzo, na nilikuwa nimelifuta mwenyewe hivi hivi, nimesimama na birika.

"Sawa," akasema, akachukua simu. "Basi nimepata jibu langu. Ahsante kwa supu, Meneja." Akatoka kwenda kusimama kwenye gari lake.

*

Nilifungua mlango wa stoo bila kubisha. Mama alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, katikati ya sufuria kubwa na katoni za sabuni, mkono mmoja nyuma ya rafu. Dirisha dogo la wavu lilikuwa usawa wa uso wake, na kutokea hapo unauona ua wote, kibaraza na meza yake.

"Mama!"

"Punguza sauti, mwanangu, anasikia." Akapandisha swichi haraka haraka. Nje taa ikarudi kijani.

"Wewe? Wewe uliyesema hutaligusa dude hata kwa fimbo?"

"Sikuligusa dude. Niligusa swichi." Hata aibu hana. "Ulitaka nifanyeje? Yule wa kwanza alikuja hapa amependeza, kanyoosha shati, ana maneno matamu. Siku moja yai lake lilichelewa. Alimtukana mpishi matusi ambayo siwezi kuyarudia. Mimi niliona, wewe ulikuwa mapokezi. Nikanyamaza, nikasema labda ana njaa. Ukajua mwenyewe ilivyokwisha." Akavuta pumzi. "Nikajisemea, safari hii nitamchelewesha mimi mwenyewe, makusudi, nione anakuwaje. Hoteli nimeiendesha miaka yote hii, mtu simjui anapokula, namjua anapongoja."

"Na ulipomchelewesha?"

"Amemvalisha mpishi miwani. Amekunja mashuka na wafuaji. Hajauliza hata mara moja kwa nini." Akaniangalia, macho yamemlowa, na sijui kama ni vitunguu. "Yeye nilimaliza kumpima zamani, binti yangu. Hizi za karibuni nilikuwa nakungojea wewe."

Nikaketi kwenye katoni ya sabuni.

"Anaondoka, Mama. Anachukua njia ya milimani. Alidhani ni mimi, nikamwambia si mimi."

"Kwa nini ukamwambia hivyo?"

"Kwa sababu ni kweli!"

"Ni kweli ya swichi," akasema Mama. "Mimi sikuulizi ya swichi."

Nilifunika uso kwa mikono. Nilimtaka. Nilitaka akae, wiki hii na ijayo, achukue taulo zetu azikunje, anifunike jicho kwa kadi yake na asiiondoe. Nililijua hilo tangu lini? Na bado sikuinuka. "Nitamwambia nini? Nimemtukana, nimempekua simu. Nitaanzia wapi?"

"Usiniulize mimi," akasema Mama, akainuka, akakung'uta maganda kwenye kanga yake. "Kazi yangu mimi ilikuwa swichi, na nimechoka. Mgongo unaniuma kwa kukaa humu."

Akaniwekea ufunguo wa stoo kiganjani, akatoka, akaniacha peke yangu.

Kupitia wavu nilimwona Mpima Macho. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, simu mkononi, anatafuta namba. Waya bado umechomekwa, taa ya kijani inawaka. Aliweka simu sikioni, akaitoa, akaangalia upande wa mapokezi kama mtu anayeaga mahali, kisha akaanza kubonyeza tena.

Nilipeleka mkono nyuma ya rafu. Nikapapasa utando wa buibui, nikapapasa ukuta, nikaipata. Ilikuwa bado na joto la kidole cha Mama.

Nikaizima.

Taa ikafa. Simu ikatetemeka mkononi mwake kabla hajamaliza namba. Aliiangalia, na safari hii hakutabasamu. Alikunja uso. Akageuka kumtafuta Mama, mwenye stoo, na Mama, Mungu amzidishie, alikuwa amesimama katikati ya ua kando ya kamba za nguo, mbali kabisa na stoo. Walitazamana. Mama akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, kama mtu anayejisalimisha kwa askari.

Mpima Macho alisimama wima.

Na hapo hapo Mjomba akatokea upande wa ofisini, suruali imepanda kifuani, akaiona mashine haina taa. "Imekufa tena!" akapaza sauti kwa furaha. "Si nilisema? Dude bovu! Leo leo nalichomoa. Na wewe bwana, njoo hapa unieleze ni nani anayekutuma..."

Wafuaji wakaacha kufua. Mpishi akatoa kichwa dirishani na miwani yake mpya. Nilijua ukoo mzima utalisikia nitakalosema kabla ya chakula cha jioni, na watalisimulia kwenye harusi na misiba mpaka nizeeke. Nilijikaza, nikaweka mdomo kwenye wavu.

"Haijafa, Mjomba," nikasema kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Nimeizima mimi."

Mjomba akageuka huku na huku, akitafuta sauti ilikotoka.

"Wewe?" akauliza Mjomba. "Kwa nini?"

Sikuwa nikimwangalia Mjomba. Nilikuwa namwangalia mwanamume mmoja akirudisha simu mfukoni bila kumpigia mtu, akivuka ua polepole, akipita kati ya mashuka mabichi hadi kwenye dirisha langu dogo. Alisimama karibu kiasi kwamba niliona doa la supu kwenye shati lake.

"Nimekuta mashine imezimwa, Meneja," akasema. "Nisubiri mpaka saa ngapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Ufunguo wa stoo ninao mimi."